Doksi ya Kumeza, Ugonjwa wa Ukutani

Mliofuatilia jaribio la Wamarekani la N-TA3CT mnajua lilivyoisha. Wenye anurizimu ndogo ya aota ya tumbo, yaani mshipa mkuu wa damu uliotanuka, walimeza doksisaiklini (doksi) miligramu 100 asubuhi na jioni kwa miaka 2, wenzao wakapewa vidonge bandia, na aota za pande zote mbili zikatanuka kwa wastani wa milimita 3.6. Ripoti ilipotoka 2020, wengi wakasema dawa imeshindwa. Mimi nasema kosa ni la walioamua imezwe.

Hebu ifuateni kapsuli hiyo. Inashuka tumboni, inaingia kwenye damu, inasambaa mwili mzima, na kinachofika aota ni sehemu ndogo. Hata hapo haijafika ukutani. Anurizimu nyingi zina damu iliyoganda tabaka juu ya tabaka, imekaa katikati ya damu inayopita na ukuta wenyewe, na vimeng'enya vya MMP viko nyuma yake vinatafuna elastini, protini inayoupa ukuta unyumbufu. Ukiongeza dozi unaharibu zaidi: maabara ya Anand Ramamurthi imeonyesha kuwa doksi kidogo huzuia MMP na kuziachia seli nafasi ya kujenga elastini, lakini ikizidi, ujenzi huo nao hudumaa.

Na walioamua hivyo walionywa! Mwaka 2006 Bartoli na wenzake waliweka doksi kwa pampu ndogo kando ya aota ya panya. Utanukaji ukapungua, na dawa kwenye damu ikawa kidogo. Mwaka 2013 yakaja matokeo ya PHAST, jaribio la Uholanzi la wagonjwa 286: aota za waliomeza doksi zilikua haraka kidogo kuliko za wenzao. Mwaka huohuo Wamarekani ndio kwanza wanaandikisha watu, kwa dawa ileile ya kumeza, na wakaendelea kuandikisha hadi 2017.

Vipimo vya CT vya Wamarekani hao vilifanywa vizuri, sina neno.

Nitarudia ninayosema kila mara: wazee wa upasuaji walijua kazi iko wapi. Desemba 1948 Rudolph Nissen alifungua tumbo la Albert Einstein, akaizungushia aota yake iliyotanuka selofani ili ukuta ujenge kovu. Einstein aliishi hadi Aprili 1955. DeBakey naye alishona mishipa bandia ya Dacron kwa cherehani ya mkewe. Hakuna kati yao aliyetibu ukuta kwa dawa ya kumeza.

Na leo njia ya kuifikisha dawa ukutani ipo: nanochembe za PLGA, polima inayoyeyuka mwilini, huachia doksi polepole, na nanochembe za Naresh Vyavahare wa Clemson hutafuta zenyewe elastini iliyoharibika. Stenti za moyo zinazoachia sirolimasi ziliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Wazo si geni.

Na mgonjwa wa mbali ndiye anayeumia: mtu wa Saza, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwenye anurizimu ya sentimita 4 hupimwa kwa kusafiri: Mbeya kwanza, pengine hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Miaka 2 ya kapsuli haimpunguzii safari hata moja. Dawa iwekwe ukutani mara moja, iachiwe kidogo kidogo kwa miezi, ishindanishwe na doksi ya kumeza kwa vipimo vilevile vya CT. Hilo ndilo jaribio lililostahili fedha za N-TA3CT.