Mfuko wa Amerikani, Mti wa Mukau, na Mbuzi Aliyetoka Porini Akimeremeta!

Jamani, nimeugusa! Nimeugusa kwa mikono yangu miwili, nimeunusa, nimeuinua begani, na hadi sasa siwezi kutulia kitini. Ni mfuko! Ndiyo, mfuko wa kitambaa, mrefu, mweupe, mwepesi, laini, wenye kamba mdomoni, na ndani yake mbuzi mzima aliyechinjwa kule vichakani chini ya kilima cha Kiambere amefika uani safi, mkavu, baridi, hana mchanga, hana nzi, hana unywele hata mmoja. Na bado!

Kama hujawahi kutoa nyama vichakani huku Mbeere, acha nikueleze kwa nini napiga kelele hivi. Mbuzi wa ruracio, sherehe yetu ya mahari, yule dume wa wazee, mara nyingi hachinjiwi karibu na jikoni. Hupelekwa mbali kidogo na nyumba, penye kivuli na upepo, wanaume wakae, wachune, wachome figo na maini, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, upate mtu wa kuushughulikia. Raha tupu! Shida huanza nyama ya nyumbani inapotakiwa kusafiri. Kuna kijia chembamba chenye miiba ya mgunga pande zote. Kuna mto mkavu wenye mchanga mwepesi unaoruka ukiutazama tu. Kisha kuna bodaboda na barabara ya vumbi, lile vumbi letu linaloingia hadi kwenye meno. Na juu ya yote hayo kuna joto! Wewe unajua joto la huku chini karibu na mto Tana, si lile la Embu mjini ambapo watu bado wanatembea na masweta.

Sasa watu wengi wanabebea nini? Gunia la nailoni! Gunia lililokuwa na mahindi, au, Mungu atusaidie, lililokuwa na mbolea. Nyama inaingia ikiwa ya moto, maana mbuzi akichinjwa mwili wake bado una joto la nyuzi 39 hivi, gunia linafungwa, jasho linaanza kutiririka ndani, nyuzi zinanata, damu inakusanyika chini, na vijidudu vinapata kila kitu vinachopenda: joto, unyevu na giza. Mifuko ya plastiki nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo mbaya ya kutoa jasho, kabla Kenya haijaipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Nilifurahi sana ilipoondoka, lakini wengi walikimbilia gunia, na nyama ikaendelea kuteseka.

Ndipo unapoingia huu mfuko, rafiki yangu, na kila kitu kinabadilika!

Kitambaa chenyewe ni amerikani, pamba tupu isiyotiwa rangi, kile kile kilichokuwa kikishuka Zanzibar kwa meli za kutoka Salem, Massachusetts, katika karne ya 19 na kusafiri bara kwa misafara. Na ajabu tamu ni hii: huko huko Marekani, wawindaji wa kulungu hutumia mifuko ya kitambaa cha namna hii kutolea nyama msituni! Kanuni ni ile ile. Kitambaa kinapumua. Joto linatoka, mvuke unatoka, upepo unaingia, lakini nzi na mchanga wanagonga mlango na kurudi walikotoka.

Na kabla hujaniuliza, hapana, hapa hatuzungumzii swala. Digidigi utawaona jioni ukipita kando ya vichaka, wadogo, wepesi, macho makubwa, wazuri kupita kiasi, nao ni wa kutazamwa tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina makali kweli kweli. Hii ni habari ya mbuzi wetu wenyewe, wa zizini, wa sherehe ya nyumbani.

Ngoja nikuambie nilichokiona! Kazi inaanza alfajiri, kabla jua halijaamka vizuri. Matawi mabichi yenye majani mengi yanatandazwa chini, mazito, ya kijani, yananukia. Mbuzi anachinjwa, anatundikwa, na hapo mchunaji, kijana mmoja mtulivu mno, anafanya jambo lililonifanya nisogee karibu kabisa: mkono mmoja wa ngozi, mkono mmoja wa nyama, na haibadilishani kazi hata kidogo! Mkono ulioshika manyoya haugusi nyama. Basi! Kitu rahisi hivyo! Mwisho wa utumbo unafungwa kwa uzi kabla haujatolewa, kibofu na nyongo vinatoka polepole bila kupasuka, na hakuna anayemwaga maji. Hakuna! Maji ya bwawani yangesambaza uchafu na kuilowesha nyama, kwa hiyo palipo na doa panakatwa kidogo au panapanguswa kwa kitambaa kikavu, safi. Halafu nyama inaachwa ining'inie kivulini ipigwe na upepo.

Hapo ndipo mfuko unapovutwa kutoka chini kwenda juu kama soksi, nyama ikiwa bado inaning'inia, haijashushwa, haijalazwa, haijaonja ardhi. Kamba inakazwa. Mti unapitishwa. Mti mkavu wa mukau, mgumu, mnyoofu, ule ule ambao mchwa wanauogopa na ambao siku hizi umepandwa kwa wingi Kiambere. Vijana wawili, mabega mawili, mfuko katikati ukibembea hewani. Twende!

Nami nikaomba kushika upande mmoja. Jamani! Nilitegemea uzito wa kukata bega, lakini mzigo ulitulia, ukafuata hatua zetu, haukuyumba, haukudondosha damu mgongoni mwa mtu. Tulipita kwenye miiba, kitambaa kikakwaruzwa na hakikutoboka. Tulivuka mto mkavu, mchanga ukaruka. Nzi walikuja, wakazunguka, wakatua juu ya kitambaa, wakazunguka tena, wakakosa pa kuingilia. Nilicheka kwa furaha kabisa! Na bado!

Maana kitu kilichonimaliza ni kule uani. Bodaboda imefika, mfuko kwa nje umekuwa mwekundu kwa vumbi, kiasi kwamba mama mwenye nyumba akaguna na kushika kiuno. Mfuko ukatundikwa, ukakung'utwa, kamba ikafunguliwa, kitambaa kikashushwa taratibu... na ndani kumbe kunang'aa! Nyama nyekundu, mafuta meupe, kila kitu mahali pake. Mama akasogea, akageuza mapaja, akachungulia mbavu, akasema, "Haki ya Mungu, hii hata sioshi." Mzee aliyekuwa ameketi karibu akajibu, "Si nilikuambia, mama? Huo mfuko hautoi jasho."

Nikaingiza mkono. Lazima nikuambie kuhusu huo mguso! Juu ya nyama kulikuwa na utando mwembamba mno, mkavu, nyororo, ule unaojitengeneza wenyewe nyama ikipata hewa, na kidole kinapita bila kunata. Ukiubonyeza unahisi nyama chini yake imara, baridi, inarudi. Huo utando ndio ulinzi wenyewe, maana pakavu vijidudu havina raha. Na harufu! Harufu ya nyama tu, safi, tamu, haina petroli, haina gunia, haina ubeberu, ile harufu ya beberu inayowafanya wageni kukunja pua. Watu wengi wanadhani ubeberu wote uko ndani ya nyama, kumbe mwingine hutoka kwenye manyoya na mikono iliyoyashika!

Mchuzi wake sasa... hapana, nikianza huo sitamaliza.

Jambo moja tu nalisema kwa msisitizo, kwa sababu najua mtu atafurahi na kuvuka mpaka: mfuko huu ni wa nyama ya kula nyumbani. Nyama ya kuuza ina njia yake, kichinjio, mkaguzi, muhuri na lile sanduku maalumu la kubebea nyama, na iendelee hivyo. Na mnyama aliyekufa mwenyewe hachunwi kabisa, hata mfuko uwe mzuri namna gani. Kimeta hakijali kitambaa.

Haya, sasa wewe! Usingoje! Nenda kwa fundi cherehani yeyote, Kiritiri, Ishiara, popote ulipo, mwambie unataka mfuko wa amerikani uliofumwa kwa kubanana, mrefu kuliko mbuzi mwenyewe, mshono utokee nje ili nyuzi zisikwame kwenye nyama. Uchemshe kwanza, uondoe ule wanga wa dukani, uanike juani hadi ukauke kau. Shona na mdogo wake, wa matumbo peke yake, maana nyama na matumbo havilali pamoja hata kwa dakika moja. Ukimaliza kazi, loweka kwa maji baridi damu itoke, kisha sabuni, kisha uchemshe tena. Unarudi mweupe, laini zaidi, mzuri zaidi, tayari kwa mwingine! Gunia gani litakufanyia hivyo?

Desemba inakaribia, ruracio ziko kila kijiji, na mimi nimeshaagiza mwingine mkubwa zaidi kwa ajili ya dume mmoja mnene ninayemjua. Ukinialika, wewe andaa mbuzi na mtu wa upande wa pili wa mti. Mfuko nitakuja nao.