Kanisa la Karatasi
Mwaka 1995 tetemeko la nchi liliuangusha mji wa Kobe, Japani, na kanisa la Takatori likateketea kwa moto. Ndipo Shigeru Ban, msanifu wa majengo wa Tokyo, akabuni kanisa la mirija 58 minene ya karatasi, na watu wa kujitolea wakalisimamisha kwa majuma matano. Je, karatasi yaweza kudumu? Lilisimama miaka kumi. Hata mwaka 2005 likafunguliwa, likapelekwa Taiwan, likasimamishwa tena. Majumba mangapi ya saruji hubomolewa na wenyewe kwa kutafuta faida! Jengo hudumu kwa kupendwa, si kwa ugumu wake. Sifa hiyo yaipita tuzo ya Pritzker aliyopewa mwaka 2014.