Gesi Ijizidishayo: Uchambuzi wa Kuvumbika Ndizi

Mchuuzi wa Keumbu nchini Kenya, azifungiapo ndani ya gunia la katani chane za ndizi zilizokwisha kupevuka lakini zingali mbichi, akatia kati yake ndizi moja mbivu na kuzifunika kwa majani makavu ya mgomba, huonekana kana kwamba yeye ndiye aziivishaye; ama kwa hakika kazi hiyo ni ya ndizi zenyewe, naye hana alitendalo ila kuzivusha kizingiti ambacho, zikishakivuka, hazirejei tena.

Gesi ya ethilini, ambayo Richard Gane wa Uingereza alithibitisha mwaka 1934 kwamba matunda yenyewe huitoa, ina tabia ya ajabu: ikiigusa ndizi pevu huiamsha itengeneze ethilini nyingine, na hiyo nayo huamsha nyingine, hata kiasi kisichofikia sehemu moja katika milioni ya hewa chaweza kutosha kuanzisha mbio hizo. Kwa muda mkungu hukaa kimya. Kisha ghafula pumzi yake huongezeka mara kadhaa, gunia likapata joto, wanga, uliokuwa kama sehemu ya tano ya nyama ya tunda, ukageuka sukari, na ukijani ukatoweka.

Ndizi zitundikwazo upenuni huiva chane moja baada ya nyingine, kwa kuwa upepo huichukua gesi kabla haijamfikia jirani. Guniani huiva kwa pamoja pasipo amri ya yeyote. Lakini atakayedhani kuwa kuziba zaidi ni kuivisha zaidi, akashika mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa, ataona kinyume, maadamu oksijeni, ambayo bila yake tunda haliwezi kuunda ethilini, hupungua, na hewa ya kaboni hujaa ikaizuia gesi isitende kazi. Katani hupumua kadiri ipasavyo, na kwa rai yangu huo ndio ustadi hasa, wala si ile ndizi mbivu ambayo kila mtu huitaja.

Kujizidisha namna hii hakuko katika matunda pekee. Boris Belousov, mwanakemia wa Moscow, mwaka 1951, alipochanganya asidi ya limau, bromati na seriamu, akaona maji yakigeuka manjano, yakapoteza rangi, kisha yakawa manjano tena, wahariri wa majarida waliikataa habari hiyo wakidai ni muhali, hata Anatol Zhabotinsky alipoifufua kuanzia mwaka 1961. Mle chupani pia mna kitu kijizidishacho. Ila mna bromidi ikizimayo na kukiachia kwa zamu, ndipo rangi ikaenda na kurudi. Ndizi haina mzimaji wa namna hiyo, na wimbi lake ni moja tu.

Kwa sababu hiyo lori liendalo Nairobi hupakiwa ndizi mbichi, kwani mbio zikianzia njiani baridi huzipunguza tu, nayo ikishuka chini ya nyuzi 13 hulitia ganda weusi. Na joto likizidi nyuzi 24, kama lilivyo kwa kawaida Mombasa wala si katika vilima vya Nyamira, ndizi za jamii ya Cavendish hulainika nyama hali ganda lingali na ukijani, na mnunuzi akazipita akidhani bado.