Duka Lisilo na Mawe ya Mizani

Imekuwa desturi ya kurasa hizi kuhakiki vitabu, tamthilia na tenzi. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuhakiki jengo. Jengo nalo husomwa: lina mpangilio wake, lina mambo liliyoyatangaza na aghalabu lina mambo liliyoyaficha.

Wakati wa likizo tulizuru duka moja la zamani katika mji mmoja wa mashariki ya Uganda. Mji huo na mwenye duka hatutawataja, maana hatukukusudia kumwaibisha mtu aliyefanya kazi ya kusifiwa. Duka lenyewe ni la namna ambayo walimu wenzetu wa Jinja na Mbale wanaijua vyema: paa la bati, baraza pana, milango mizito ya mbao, na juu ya ukuta wa mbele mwaka wa kujengwa. Mwenyewe wa sasa amelifanya makao ya mkusanyo wake wa vitu vya kale. Mna santuri za kuzungushwa kwa mkono, pasi za mkaa, taa za chemli na karabai, cherehani, redio za mbao na mashine za taipu.

Tuanze na sifa, kwani mhakiki asiyejua kusifu hana haki ya kulaumu. Jengo limeokolewa. Mabati yaliyooza yamebadilishwa, kuta zimepakwa chokaa, na mwaka ule wa ukutani umeachwa usomeke, ilhali majirani zake wengi wamekwisha kubomolewa ili pajengwe maghorofa. Vitu vimepanguswa vumbi na kupangwa kwa utaratibu. Watoto wa shule huingia wakasikia sauti ikitoka katika sahani nyeusi ya santuri, wakastaajabu. Hilo si jambo dogo.

Lakini tulipouliza, "Hapa paliuzwa nini?" hatukupata jibu. Meza ndefu ya duka imeng'olewa ili redio zipate nafasi. Mizani imetundikwa ukutani kama pambo, na mawe yake hayapo. Kila kitu kina kadi yake, na kadi zote ni za Kiingereza: jina la kiwanda, nchi na mwaka. Hapana neno la Kiswahili, wala la lugha ya wenyeji, wala la Kigujarati. Yule aliyeketi nyuma ya meza, na yule aliyesimama mbele yake akiomba akopeshwe chumvi hadi pamba yake iuzwe, wote wawili wamefutwa.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Duka la zamani lilikuwa pia shule ya lugha. Mnunuzi na mwuzaji walikutana mara nyingine katika lugha ya wenyeji, mara nyingine katika Kiswahili, hata kama kilikuwa cha kubabaisha. Biashara hiyo ya pwani na bara ndiyo iliyotuachia kibaba na pishi, ratili na frasila, jora na doti, wari na korja. Ndiyo iliyotuachia merikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi kilikotoka. Maneno hundi, laki, bima na gunia yamevuka bahari kutoka Bara Hindi, na leo hakuna ayaonaye kuwa wageni. Mwanafunzi wetu hukutana na neno pishi katika kitabu cha zamani, nasi humwambia tu kuwa ni kipimo. Lau angekiona kipimo chenyewe, akakishika, akakijaza mchele kibaba baada ya kibaba hadi vitimie vinne, asingekisahau.

Historia nayo imerukwa. Alidina Visram alitoka Kutch akiwa mtoto, akafika pwani yetu mwaka 1863. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 maduka yake yalikuwa yameenea kutoka pwani hadi Uganda. Nyuma yake walikuja wengi wenye mitaji midogo. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Maduka yakagawiwa watu wengine, na katika miaka ya 1990 mengi yakarudishwa kwa wenyewe. Hatusemi kwamba wenye maduka wote walikuwa watu wema; wako wakulima ambao madaftari ya madeni yaliwaliza. Lakini nyumba inayoonyesha redio ya miaka ya 1960 bila kusema aliyeisikiliza alikwenda wapi ni sawa na kitabu kilichochanwa kurasa za katikati.

Yamkini tutaambiwa kuwa tunadai lisilowezekana. Limewezekana kwingine. Katika mji mdogo wa John Day, jimbo la Oregon, Marekani, lipo duka liitwalo Kam Wah Chung. Wachina wawili, Ing Hay na Lung On, waliliendesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imekwisha kuwafungia mlango vibarua wa Kichina wasiingie nchini humo. Lung On aliuza bidhaa na kuwaandikia wenzake barua. Ing Hay alikuwa tabibu wa mitishamba. Lung On alifariki mwaka 1940. Ing Hay aliondoka mwaka 1948, na jengo likakaa limefungwa kwa takriban miaka 20. Lilipofunguliwa, dawa zilikuwa zingali rafuni, pamoja na barua na madaftari ya Kichina, na hundi za zaidi ya dola 23,000 ambazo tabibu hakuzipeleka benki. Wahifadhi hawakuvitoa vitu hivyo ili waingize vingine vya kupendeza zaidi. Waliliacha duka liwe duka, na mgeni aingiaye hujua nani aliishi humo, aliuza nini, na kwa lugha gani.

Twajua kuwa duka letu halikuachwa na shehena yake kama lile. Hata hivyo yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Meza irudishwe. Mawe ya mizani na vibaba vitafutwe vijijini, kwani havijaisha vyote. Kadi ziandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji pia, maana marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yamekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, nayo haitakuwa rasmi kwa kutajwa tu. Na wazee waliowahi kununua katika baraza lile waulizwe wangali hai.

Kazi hii ya mwisho ni yetu sisi walimu. Kila mmoja wetu awatume wanafunzi wake kwa babu na bibi zao, warudi na majina ya vitambaa, vipimo na madeni, kisha orodha hizo zipelekwe kwa mwenye jumba. Tunaamini hatazikataa. Aliyetunza pasi ya mkaa miaka yote hiyo hawezi kukosa nafasi ya neno.