Peugeot 404 iliyolala uani: jinsi inavyofufuliwa Likasi

Gari lililoegeshwa miaka mingi huharibiwa na vimiminika kuliko lilivyoharibiwa na barabara. Petroli iliyosahauliwa ndani ya tangi hugeuka gundi. Maji ya radieta hula aluminiamu, mafuta ya breki hunyonya unyevu mpaka silinda zake zikashika kutu kwa ndani, na mvua hupenya taratibu hadi kwenye sakafu. Kulifufua gari la namna hiyo ni kuvifuata vimiminika hivyo kimoja kimoja, na rangi huja mwisho kabisa. Anayeanza na rangi hupata gari la kupigia picha.

Likasi, huko Katanga nchini Kongo, ni mji unaofaa kwa kazi hii kuliko mingi ya ukubwa wake. Mji huu uliitwa Jadotville hadi 1966, ukakulia juu ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, na baada ya kampuni hiyo kutaifishwa ukawa mmoja wa miji mikuu ya Gécamines. Kiwanda cha Shituru, reli na karakana zake vililea vizazi vya mafundi wa mashine, wachomeleaji, mafundi umeme na watu wa tanuri. Gécamines ilipoporomoka, kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 muongo mmoja baadaye, ujuzi huo haukupotea. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari ulianza kuwatoa wafanyakazi wapatao 10,000 katika kampuni hiyo, Katanga nzima. Mtu aliyezoea kupima shafti ya pampu ya mgodi hashindwi kupima silinda ya gari.

Peugeot 404 nayo ni gari lililoumbwa kana kwamba waundaji walijua litatengenezwa uani. Ilitoka 1960, umbo lake likiwa la Pininfarina, na injini yake ya kawaida ya petroli ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, ikiwa imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili bonneti iwe chini. Ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff waliposhinda, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Nchini Kenya 404 iliendelea kuunganishwa hadi 1991, na ndiyo sababu vipuri vyake bado huonekana upande huo wa bara.

Kabla ya kununua kipuri chochote, mambo mawili hukaguliwa. La kwanza ni hati: gari lisilo na kadi yake ya rangi ya waridi halifai kutumbukiziwa fedha, hata likiwa zuri namna gani. La pili ni upande wa usukani. Kongo huendesha kulia, kwa hiyo usukani uko kushoto. Zambia, Tanzania na Kenya ni kinyume chake. Injini, giaboksi, difu, milango na vioo vya 404 ya Nairobi huingia bila taabu kwenye ile ya Likasi, lakini boksi la usukani, dashibodi, mpangilio wa pedali na mikono ya waipa haviingii. Hata taa za mbele hutofautiana, kwa kuwa mwanga wake umepindishwa kuelekea ukingo wa barabara.

Kazi yenyewe huanza kwenye injini, nayo huanza kwa subira. Kosa linalovunja injini nyingi zilizolala ni kufunga betri mpya na kugeuza swichi siku hiyohiyo. Ringi za pistoni zilizoshikana na ukuta wa silinda hukatika, na kipande kimoja cha ringi hutosha kuchora silinda nzima. Plagi zote nne hutolewa kwanza, kila tundu likamiminiwa mchanganyiko wa mafuta mepesi na dizeli, kisha injini ikaachwa siku kadhaa. Baada ya hapo hugeuzwa kwa mkono, kwa hendeli, ambayo 404 huja nayo. Hendeli ina faida ambayo stata haina: mkono huhisi. Ugumu unaolegea polepole ni wa kutu au mafuta yaliyoganda; ugumu unaosimama ghafla mahali palepale ni wa chuma kugonga chuma, na hapo injini hufunguliwa.

Ikibidi kufunguliwa, 404 humlipa mwenyewe. Silinda zake hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni slivu nne zinazochomoka, na maji ya kupoza huzizunguka moja kwa moja. Silinda ikichoka, slivu mpya na pistoni yake huingizwa hapohapo uani, bila kupeleka bloku nzima kwenye mashine ya kuchonga. Udhaifu wa mpango huo uko chini, kwenye pete nyembamba za kuziba ambazo slivu hukalia. Zikichoka, maji hushuka kwenye mafuta, na kijiti cha kupimia mafuta hutoka na rangi ya maziwa. Kwa hiyo silinda hedi ikishaondolewa, kranki haigeuzwi hata kidogo kabla slivu hazijabanwa kwa bolti na washa pana. Pistoni ikipanda hunyanyua slivu pamoja nayo, na pete iliyokuwa nzima huharibika bila mtu kuona.

Wakati wa kuzirudisha, kimo chake ndicho kinachoamua mafanikio. Slivu lazima itokeze kidogo juu ya uso wa bloku ili silinda hedi iikandamize. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu yake na pengo hupimwa kwa fila geji, pande kadhaa za kila slivu, kwa sababu slivu iliyokaa juu ya punje ya kutu huinama bila macho kugundua. Unene wa pete za chini huchaguliwa mpaka zote nne zilingane na kipimo cha kitabu cha fundi cha Peugeot. Fundi anayeruka hatua hii atafungua injini tena kabla ya masika kwisha.

Silinda hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kumimina. Metali mbili tofauti zikikaa ndani ya maji matupu hufanya kazi ya betri, na aluminiamu ndiyo inayolika. Mashimo ya maji kwenye hedi ya gari lililolala kwa kawaida huwa yamepanuka na kingo zake zimemomonyoka. Likifika kwenye mstari wa gasketi, shimo hujazwa kwa kuchomelea aluminiamu na uso husawazishwa upya kwa mashine; hii ni kazi ya karakana, na haifai kujaribiwa kwa gundi. Baada ya matengenezo, radieta hupewa dawa ya kuzuia kutu hata kama Katanga haina barafu.

Upande wa petroli, tangi hushushwa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndio unaolipuka. Haliguswi na moto wa kuchomelea mpaka lioshwe mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuziba. Kutu ya ndani huvunjwa kwa kutia mnyororo mfupi na kulitikisa. Kabureta hufunguliwa na jeti zake husafishwa kwa hewa na kimiminika tu, bila waya, kwani waya hupanua tundu. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi; gari lililopangwa kwa bandari litachoma petroli nyingi kuliko linavyohitaji, na jeti kuu ndogo kidogo hurekebisha hilo.

Breki hazina mjadala: raba zote, silinda zote na mabomba yote hubadilishwa. Hapa mji wa shaba una mtego wake. Bomba la shaba tupu hupatikana na hupinda kwa urahisi, lakini mtikisiko wa barabara huligumisha hadi likapasuka. Linalofaa ni la chuma, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotengenezwa kwa ajili ya breki.

Difu ya 404 ina siri ambayo imewagharimu wengi. Ndani yake mna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, tofauti na meno ya chuma kwa chuma ya magari mengi. Mafuta ya gia ya kisasa yenye viambato vikali vya salfa hukilinda chuma lakini huila bronzi. Difu hii hutaka mafuta yaliyotengenezwa kwa gia za skrubu na bronzi. Mafuta ya zamani yakitoka na vumbi linalong'aa kama dhahabu, gurudumu hilo limeshaanza kuliwa.

Bodi ndiyo inayokula muda. 404 ya saluni haina chasi ya pekee. Sakafu na vizingiti chini ya milango ndivyo vinavyobeba gari. Kabla ya kukata kizingiti kilichooza, mlango hufungwa na mapengo yake hupimwa, kisha nguzo ya chuma huchomelewa kwa muda ndani ya tundu la mlango. Bila hivyo bodi hulegea katikati na milango haifungi tena. Kiraka huwa na unene uleule wa bati la asili, na huchomelewa nukta kwa nukta, mahali mbalimbali, ili joto lisipinde bati.

Vipande vidogo vya chuma, kama bawaba, mabano, ngoma za breki na rimu, husafishwa kwa umeme, kazi ambayo Likasi inaielewa tangu Shituru ilipoanza kuzalisha shaba mwaka 1929. Beseni la plastiki hujazwa maji na magadi ya kufulia, karibu kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya volti 12, na vipande vya nondo kwenye waya chanya. Kule kiwandani shaba hujijenga kwenye upande hasi; hapa upande huohuo kutu huachia chuma. Mkondo huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo nondo huzungushwa pande zote. Chuma kisichoshika kutu hakitumiwi badala ya nondo, kwani hutoa kromiamu yenye sumu, na beseni hukaa nje kwa sababu viputo vyake ni hidrojeni. Aluminiamu haitiwi humo kamwe, magadi huila. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, paneli ya jua ya volti 12 hufanya kazi hiyohiyo.

Wapo wanaopendelea tindikali ya salfa, ile inayotumika viwandani kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe ya madini. Kwa gari ni chaguo baya. Haibagui kutu na chuma kizima, na huzifanya springi na bolti ngumu ziwe rahisi kukatika ghafla siku za baadaye. Beseni la magadi ni la polepole, lakini huacha chuma cha Peugeot jinsi kilivyotoka kiwandani.

Kipande kikitoka, husuguliwa, hukaushwa papo hapo na kupakwa praima siku hiyohiyo. Rangi ya juu ina msimu wake. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, unyevu huifanya rangi iwe na ukungu mweupe. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hutua juu yake. Asubuhi za Mei, baada ya uwanja kumwagiwa maji, ndizo bora.

Nyaya hubadilishwa mmoja mmoja kwa kufuata rangi za zamani, na kila muunganiko na bodi husuguliwa hadi chuma kionekane. Tairi za asili ni 165-380. Milimita 380 ni kama inchi 15, kwa hiyo 165 za inchi hizo hukaa sawa.

Siku ya kuwasha, hendeli huzungushwa kwanza plagi zikiwa nje, mpaka mafuta yafike juu kwenye vali. Pengo la pointi huwekwa karibu milimita 0.4. Injini ikishika, haiachwi ikinguruma polepole kwa muda mrefu. Ringi mpya huhitaji mzigo ili zikae. Breki hujaribiwa uani, kisha kwenye barabara ya mtaa, kabla ya kwenda njia kuu ya Lubumbashi. Baada ya safari fupi za kwanza, injini ikiwa imepoa, nati za silinda hedi hukazwa upya kwa mfuatano wa kitabu, mafuta humwagwa yakiwa na vumbi la chuma la mwanzo, na kijiti hutolewa kuona kama rangi ya maziwa imerudi.