Kuitambua Kazi Safi ya Mwendo wa Wima

Ninaposahihisha daftari za fizikia, jibu la mwisho hulifunika kwa kiganja kwanza. Jibu laweza kuokotwa kwa jirani. Kazi safi haiokotwi. Chukua swali hili: jiwe limerushwa wima kwenda juu, kwa mita 10 kwa sekunde, kutoka ukingo wa paa lililo mita 15 juu ya ardhi. Litafika chini baada ya muda gani, ikiwa mchapuko wa graviti ni 10?

Anza na mchoro. Mistari mitatu yatosha: paa, ardhi, na mshale unaoonyesha upande chanya. Juu kukiwa chanya, velositi ya kuanzia ni +10, mchapuko ni −10, na ardhi iko −15. Uamuzi huo haugeuzwi njiani. Anayeandika 15 bila hasi ameliuliza jiwe lini litakuwa mita 15 juu ya paa, na kwa kuwa halipandi zaidi ya mita 5, mlinganyo wake haupati jibu halisi.

Kisha tazama kileleni. Pale velositi ni sifuri, lakini mchapuko ungali −10. Ukiona mwanafunzi ameufanya sifuri, jua hajaelewa: jiwe la namna hiyo lingebaki limening'inia hewani.

Tazama pia kama safari imekatwa vipande. Kutenganisha kupanda na kushuka si kosa, ila fundi hutumia mlinganyo mmoja: −15 = 10t − 5t², yaani t² − 2t − 3 = 0. Majibu ni 3 na −1. Wengi huifuta −1 bila neno. Mweledi huandika kwamba saa ilianza kuhesabu jiwe lilipotoka mkononi, hivyo jibu ni sekunde 3. Aliyebobea huona zaidi: −1 ni jiwe ambalo lingerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla, kwa mita 20 kwa sekunde, likapita ukingoni kwa kasi ileile ya 10.

Usisahau sharti la hewa. Kwa jiwe, kuipuuza ni halali. Kwa unyoya si halali, ila mahali pasipo hewa. Mwaka 1971, David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja.

Mwisho, tafuta uhakiki. Jiwe hupanda sekunde 1 hadi mita 20 juu ya ardhi, kisha huanguka mita hizo 20 kwa sekunde 2. Jumla 3, kwa njia nyingine kabisa.

Sasa ondoa kiganja. Ikiwa ulikwisha kuijua safari yote ya jiwe kabla ya kuliona jibu, kazi hiyo ni safi.