Nusu Mara Theluthi

Vipeo vya sehemu havina marafiki wengi skuli. Mwanafunzi akishaona 2/3 imekaa begani mwa herufi, hamu humwisha. Lakini mkalie karibu anayevijua akirahisisha mtajo, bila haraka, chaki mkononi, ndipo utakapoona ufundi.

Mpe (27a⁶b⁻³)^(2/3), agawanye kwa a^(1/2) × a^(3/2). Mwenye pupa huanza na mraba wa 27, anapata 729, halafu anahangaika kusaka kipeuo chake cha tatu. Fundi hutazama kwanza asili ya ile sehemu. 3 iliyo chini inataka kipeuo cha tatu, na cha 27 ni 3. Mraba baadaye: 9. Kisha 6 mara 2/3 ni 4. Hasi 3 mara 2/3 ni hasi 2. Kwenye kigawanyo, nusu ukijumlisha na moja na nusu ni 2. Inabaki 9a²/b². Kila hatua imeandikwa mstari wake, hata ile ambayo angeweza kuifanya kichwani.

Akikuta alama ya kujumlisha ndani ya mabano, chaki husita. Kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni 5, si 3 + 4. Wengi hutumbukia hapo.

Sasa shuka bandarini Wesha, magharibi ya Chake Chake kisiwani Pemba, boti za kwenda kisiwa cha Misali zinakoondokea; vipeo vya sehemu vipo hata huko. William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19 aliyevuta mifano midogo ya meli majini, alionyesha kuwa vyombo vya umbo moja hulinganishwa kwa mwendo unaofuata kipeuo cha pili cha urefu: L^(1/2). Uzito wa vyombo hivyo, M, hufuata L³, kwa hiyo urefu hufuata M^(1/3). Pachika: (M^(1/3))^(1/2). Nusu mara theluthi ni sudusi, basi mwendo hufuata M^(1/6). Jaribu kuyaandika hayo kwa alama za kipeuo, moja ndani ya nyingine, uone karaha yake. Mimi sehemu nazipenda zaidi.

Anayetaka mwendo wa jahazi lake uwe mara mbili, kwa umbo lilelile, atahitaji urefu mara 4 na uzito mara 64. Boti nyepesi ya mashine, ikishainuka na kuteleza juu ya maji, haibanwi tena na hesabu hii.